Mgahawa, baa au duka la chipsi: mkiwa kundi Uskoti, mkale wapi?

Mkiwa sita mjini Glasgow au Edinburgh na kila mmoja anasema "mimi popote tu", mtaishia mahali pasipomfaa yeyote. Milango iliyo mbele yenu ni mitatu: mgahawa wa vyakula vya Kiskoti wenye wahudumu wa mezani, baa yenye jiko, na duka la chipsi. Wengi huchagua kwa kusoma menyu iliyobandikwa dirishani, na menyu ndiyo inayopoteza watu, maana vyakula karibu ni vile vile kote: samaki, viazi ulaya, ng'ombe, kondoo, haggis. Kinachobadilika ni nani anachukua oda, nani analipa na lini, jiko linafungwa saa ngapi, na yule mwenzenu asiyekunywa pombe au asiyegusa nguruwe atakula nini. Anzeni na huyo. Yeye akipata pa kukaa na cha kula, watano waliobaki watajitafutia.

Saa zote hapa ni za Kiswahili. Saa 1 usiku ndiyo 19:00 kwenye simu. Anayeweka nafasi mtandaoni huku kichwa kikihesabu kwa Kiswahili huandika 1:00, anapata meza ya mchana, na usiku kundi zima linasimama mlangoni kwenye baridi likibishana na mhudumu asiye na kosa.

Haggis moja, sahani tatu

Ukitaka kuona tofauti ya milango hii mitatu, fuata chakula kimoja kinachopatikana kote. Haggis ni moyo, ini na mapafu ya kondoo, vikasagwa pamoja na vitunguu, oti, mafuta magumu ya figo, chumvi na pilipili manga, vikajazwa kwenye tumbo la kondoo na kuchemshwa. Siku hizi ganda mara nyingi ni la kiwandani. Mkenya ataiangalia na kusema mutura, ile soseji ya utumbo ya kwao, na hajakosea sana, ila mutura humalizwa kwenye makaa na mara nyingi huwa na damu, wakati haggis haina damu na oti huifanya iachane chembechembe kwenye uma badala ya kukatika vipande. Pilipili manga ndiyo inayobaki mdomoni.

Mgahawani huletwa kama kimnara: tabaka la haggis, tabaka la tanipu ya njano iliyopondwa, tabaka la viazi vilivyopondwa, na sosi ya krimu yenye wiski imezungushiwa chini. Mara nyingi ni chakula cha kuanzia, vijiko sita au saba basi. Kwenye baa ni vitu vile vile vikiwa vichuguu vitatu kwenye sahani moja kubwa, na sosi pembeni; huo ni mlo kamili. Kwenye duka la chipsi haggis ina umbo la soseji nene, huchovywa kwenye ute wa unga, hukaangwa ndani ya mafuta mengi na kulazwa juu ya chipsi.

Kwa anayeijaribu mara ya kwanza, ile ya kukaanga ndiyo chaguo baya kuliko yote. Utaonja mafuta na unga, kisha utasema haggis ni mbaya. Agizeni moja ya mgahawani au ya baa, iwekwe katikati, kila mtu apige uma. Asiyekula nyama ana ya kwake: kampuni ya Macsween ya Edinburgh ilianza kutengeneza haggis isiyo na nyama mwaka 1984, na sasa baa nyingi huwa na aina hiyo, ya oti, dengu, maharagwe na mboga. Si ya kuombea radhi. Wapo Waskoti wanaokula nyama lakini wanaipendelea hiyo.

Yasiyoandikwa kwenye jina la chakula

Hapa ndipo makundi yetu huumia, kwa hiyo tukae kidogo.

Supu ya dengu inaonekana salama kwa kila mtu. Kwa Waskoti, supu hiyo kwa desturi huchemshwa kwa mfupa wa paja la nguruwe, na menyu itasema "supu ya dengu" tu. Kuku aitwaye Balmoral ni kidari kilichojazwa haggis na kufungwa kwa bekoni. Jina halina hata herufi moja ya nguruwe. Kombe wa baharini, ambao Uskoti inao wazuri ajabu, mgahawani hupenda kuwekewa kipande cha black pudding, yaani soseji ya damu ya nguruwe. Pai ya nyama ya ng'ombe mara nyingine huwa na soseji ndani. Kome huchemshwa kwa mvinyo mweupe. Cranachan, ile tamutamu ya krimu, rasiberi, asali na oti zilizokaangwa, ina wiski isiyopikwa, na hiyo haiwezi kutolewa ikishachanganywa.

Kuna sababu mhudumu hawezi kukuokoa kwa kufungua daftari lake la mzio. Sheria inamlazimisha ajue vitu 14: ngano, maziwa, mayai, karanga, samaki, ufuta na kadhalika. Nguruwe na pombe havimo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo usimuulize kama chakula ni salama. Muulize mambo matatu kwa majina yao: supu imechemshwa kwa mifupa ya mnyama gani, kuna bekoni, kuna wiski au mvinyo kwenye sosi. Mgahawani mhudumu ataingia jikoni kuuliza na atarudi na jibu. Kwenye baa yenye watu wengi kijana wa kaunta atakisia. Hiyo ni tofauti kubwa, na kwa kundi lenye Waislamu inatosha kuamua.

Nyama ya kawaida katika milango hii mitatu si ya halali isipokuwa mahali penyewe paseme. Samaki ndiye njia. Cullen skink, supu nzito ya samaki wa moshi aitwaye haddock, viazi, vitunguu na maziwa, kwa kawaida haina nyama wala pombe, na ukiila na mkate wa siagi umeshiba. Glasgow ina pia mlango wa nne: migahawa ya Kipakistani na Kihindi, mingi yake ya halali, ambayo baadhi yake hutengeneza bajia za haggis. Haggis ya halali ipo. Mkiwa watatu kati ya sita hamli nyama isiyo halali, kula bajia hizo ni Uskoti halisi kuliko kukaa kwenye mgahawa ghali mkila mkate na saladi.

Neno moja kwa wapenda nyama iliyoiva sawasawa. Nyama ya paa, ambayo menyu huiita venison, karibu haina mafuta. Ukiagiza kipande chake cha kuchoma kiive mpaka ndani, kitakuja kikavu kama mbao, na mpishi hatakuwa na lawama. Kama hupendi kuona wekundu, agiza ile iliyopikwa taratibu kwenye mchuzi. Na ndege aitwaye grouse, ambaye msimu wake wa kuwindwa huanza 12 Agosti, hupigwa kwa bunduki ya marisau, kwa hiyo tafuna polepole. Goroli moja inatosha kuvunja jino.

Pesa

| | Mgahawa | Baa | Duka la chipsi |
|---|---|---|---|
| Mlo mkuu kwa mtu | pauni 20–30 | pauni 13–18 | pauni 9–13 |
| Oda | mhudumu huja | nenda kaunta | foleni |
| Malipo | mwishoni | kabla ya kula | kabla ya kula |
| Kuweka nafasi | lazima | Ijumaa na Jumamosi | hakuna |
| Kukaa | muda wa saa mbili hivi | mpendavyo | mara nyingi hakuna viti |

Hesabu ya mfano kwa sita. Mgahawani: cha kuanzia pauni 9, mlo mkuu 24, tamutamu 8, vinywaji 7, jumla 48 kwa mtu, 288 kwa meza. Ongeza ada ya huduma ya asilimia 12.5, ambayo ni pauni 36. Bili ni 324, yaani 54 kwa kichwa. Kwenye baa: mlo 16 na vinywaji viwili vya jumla ya pauni 11, jumla 27 kwa mtu, 162 kwa wote. Duka la chipsi: 12 za chakula na 2 za soda, 84 kwa wote. Kodi imo tayari kwenye bei za menyu, haiongezwi.

Bei ya mgahawa hupanda kwa njia mbili ambazo mgeni hazioni. Kwanza, mlo mkuu mara nyingi huja peke yake, na viazi au mboga huuzwa mbali, pauni 4 hadi 6 kila kibakuli. Agizeni vibakuli vitatu vya kugawana, si sita. Pili, stiki kubwa huandikwa bei kwa kila gramu 100. Ukiona pauni 9, usishangilie. Kipande kina gramu 900, kwa hiyo ni pauni 81. Chaza na kamba wakubwa nao wakiandikwa "bei ya siku", uliza kabla ya kusema ndiyo.

Dawa ya gharama ni menyu ya kabla ya tamthilia. Migahawa mingi, hasa Glasgow, hutoa kati ya saa 11 jioni na saa 12 na nusu menyu fupi ya sahani mbili au tatu kwa bei moja, mara nyingi nafuu sana kuliko ile mtakayolipa saa mbili baadaye, kutoka jiko lile lile. Huhitaji tiketi ya tamthilia. Masharti yake ni kwamba huenda isitolewe Jumamosi, huenda isikubali kundi linalozidi sita, na mtatakiwa kuondoka kwa wakati.

Ada ya huduma huongezwa yenyewe mkiwa kundi, kwa kawaida kuanzia watu sita au wanane. Ikishakuwa kwenye bili, usiache bakshishi nyingine. Angalia mstari wa mwisho kabla ya kugusisha kadi. Kwa kawaida ni ya hiari, na huduma ikiwa mbovu unaweza kuomba iondolewe. Tangu 1 Oktoba 2024 sheria inataka bakshishi na ada hiyo zote ziwaendee wafanyakazi. Kwenye baa, ukiagiza kaunta, hakuna anayetegemea chochote.

Halafu lipo suala la nani analipa. Kwetu aliyesema "twendeni tukale" ameshajitia kitanzi. Kwa Mskoti maneno hayo ni wazo tu; kila mtu na lake, isipokuwa atamke wazi kwamba analipa yeye. Kwa hiyo anayetaka kumkirimu shemeji aliyetoka nyumbani aseme mapema, na wasiotaka kugawana sawa (mmoja amekula supu, mwingine stiki) wamwambie mhudumu mwanzoni, si baada ya kahawa. Wengi wana mashine inayoweza kugawa bili kwa viti ikiwa wameambiwa wakati wa oda.

Mgahawa unafaa lini

Unafaa mkiwa na jambo la kusherehekea, mkiwa na mtu mwenye masharti ya chakula, au mkitaka kusikilizana, kwa kuwa baa Ijumaa usiku ni kupiga kelele. Kwa kundi wataomba namba ya kadi, na asiyetokea hukatwa pauni 10 hadi 25 kwa kiti. Mtu mmoja akighairi, pigeni simu siku moja kabla. Wengi husamehe kiti kimoja wakiarifiwa mapema, lakini mkifika watano mkasema "wa sita anakuja" mtalipia kiti hicho. Wengine hutaka oda zote ziandikwe wiki moja kabla, hasa Desemba. Hapo mwekeni mtu mmoja msimamizi mwenye orodha, maana usiku wenyewe nusu ya meza huwa imesahau ilichoagiza na sahani ya kuku huchukuliwa na aliyeagiza samaki.

Maji yasiwatoe pesa. Mhudumu atauliza mnataka ya gesi au ya kawaida, na yote mawili ni ya chupa. Sema maji ya bomba. Uskoti mahali penye leseni ya pombe panalazimika kuyatoa bure yakiombwa, na ni matamu.

Mlangoni tafuteni kibandiko cha usafi. Uskoti haitumii nyota au namba za 0 hadi 5 kama Uingereza (England). Hapa ni mawili tu, imepita au inahitaji kurekebishwa. Cha pili kikionekana, endeleeni mbele.

Baa

Kosa la kwanza la mgeni ni kuketi na kungoja. Hakuna atakayekuja. Chukua namba ya meza, iko kwenye kona ya meza au kibao kidogo, nenda kaunta, sema namba, agiza, lipa. Mkienda sita mmoja mmoja, vyakula vitatoka jikoni kwa vipindi sita. Mpelekeni mmoja mwenye orodha kwenye simu.

Raundi ni zile zile za nyumbani: mmoja hununulia wote, kisha mwingine. Kwa anayekunywa soda ni hasara, kwa sababu zamu yake italipia bia tano. Si aibu kusema mapema kwamba unajinunulia mwenyewe, na unayesema ni wewe mnywa soda, si rafiki yako kwa niaba yako. Paini ni mililita 568. Tot ya wiski ni 25 au 35 kulingana na baa, kwa hiyo tot mbili za baa mbili tofauti si sawa. Mwenye gari asijipimie kwa mazoea ya Uingereza: tangu Desemba 2014 kikomo cha Uskoti ni miligramu 50 za pombe kwa mililita 100 za damu, wakati Uingereza ni 80. Dereva anywe ginger beer, yaani soda ya tangawizi, na habari iishe.

Anayeonekana chini ya miaka 25 ataulizwa kitambulisho, hata akiwa na 32 na watoto wawili. Pasi ya kusafiria ndiyo inayokubalika bila ubishi. Kitambulisho cha taifa cha nyumbani usikitegemee. Na mkiwa na mtoto, pigeni simu kwanza. Leseni ya kila baa ina saa zake za watoto, nyingi zikikoma saa 2 au saa 4 usiku, na nyingine haziruhusu mtoto kabisa.

Duka la chipsi

Chakula hiki hudharauliwa na watu ambao hawajakila moto. Waskoti hutumia haddock kuliko samaki aitwaye cod, minofu mirefu isiyo na mifupa mikubwa, na akikaangwa wakati huo ute hupasuka kama karatasi kavu na mvuke hutoka.

Lugha yake ina mtego. Neno supper hapa maana yake ni "pamoja na chipsi", halihusu mlo wa usiku. Ukiagiza fish supper kisha ukaongeza chipsi, una mafurushi mawili ya chipsi. Ukitaka samaki mtupu, sema single. Edinburgh watakuuliza chumvi na sosi, na sosi hiyo ni ya kahawia, nyepesi, yenye siki. Glasgow ni chumvi na siki ya kawaida. Kila mji unaamini mwingine umepotea.

Waislamu na wasiokula nyama waulize mawili. Mafuta ni ya mboga au ni mafuta ya ng'ombe? Maduka mengine yanajivunia ya ng'ombe. Na je, soseji na black pudding hukaangwa kwenye karai hilo hilo la samaki? Kama ndivyo, samaki wako ameogelea nao.

Siri ya chipsi ni kifuniko. Ukifunga boksi, mvuke hugeuka maji na dakika kumi baadaye una viazi laini vya kuchemsha. Acha wazi, tembea haraka. Ufukweni, kama Oban au St Andrews, keti ukiegemea ukuta: shakwe hushuka kutoka nyuma na kuchukua samaki mzima mkononi.

Saa na majira

Mjini mna muda hadi saa 3 usiku, wakati majiko mengi hufunga ingawa baa inaendelea. Agosti Edinburgh hujaa wageni wa matamasha na meza ya sita hutafutwa wiki tatu kabla. Karibu na 25 Januari, siku ya kuzaliwa kwa mshairi Robert Burns, migahawa huweka menyu maalumu ya haggis na bei yake; ni usiku mzuri, lakini usiende ukitarajia kuchagua.

Milimani kaskazini mambo ni mengine. Majiko husimama baada ya chakula cha mchana, kati ya saa 8 na saa 11, na usiku huzimwa saa 2 na nusu. Wakati wa baridi mengine hayafunguki Jumatatu na Jumanne. Mkifika mji mdogo saa 3 kasorobo na njaa, baa itawauzia bia na pakiti ya krispi. Kimbilieni duka la chipsi, ulizeni kwanza kilichobaki, kisha agizeni vyote sita kwa pamoja. Karai linabeba vipande vichache tu kwa mara moja, na mwenye duka akijua idadi atakaanga kwa mkupuo mmoja au miwili. Mkitoa oda moja moja, wa sita atakuta mafuta yamezimwa.